Shingo ya Keong

Kuala Lumpur, 3 Machi 2009

Baba,

Shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje? Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, na hili si jambo la kupigiana kelele.

Mimi mzima, ila nimechoka. Mwaka wa nane huu natazama kwenye hadubini matone ya mafuta yaliyokwama ndani ya misuli ya watu nisiowajua. Miili yao inaweka mafuta lakini haiwezi kuyatumia, basi misuli inalegea.

Mama kaniambia Keong akikanda unga wa tambi anashikilia kidevu kwa mkono ili kichwa kisianguke. Baba, dada Foong alianza hivyohivyo. Nakuomba umruhusu apimwe damu. Na asikae na njaa.

Mwanao,
Yin

Kampar, 15 Machi 2009

Mwanangu Yin,

Barua imefika. Mama yako yupo, anachechemea na kulalamika, kwa hiyo ni mzima.

Mdogo wako anaamka alfajiri kila siku kukanda unga. Nani asingeumwa shingo? Foong walimtoboa, wakamkata nyama ya paja, wakasema misuli ina uvimbe, wakampa dawa za uvimbe. Tukamzika. Sitaki maabara inimalizie na huyu. Mama yako amempeleka hekaluni, na sasa anakula uji mwepesi tu kwa siku tisa, kujitakasa.

Na wewe ulale. Mwandiko wako umekuwa wa mgonjwa.

Baba yako

Kuala Lumpur, 19 Machi 2009

Baba,

Shikamoo. Sina nguvu ya salamu ndefu. Huo uji mtupu ukome leo. Mwili wake ukikosa chakula unakimbilia mafuta, na mafuta ndiyo usiyoyaweza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nikimlisha Foong kwa kijiko. Kazi hii niliichagua kwa ajili yake. Ukinikatalia Keong, nitakuwa nimesoma kwa ajili ya wageni tu.

Mwanao,
Yin

Kampar, 28 Mei 2009

Mwanangu Yin,

Hujambo? Sisi hatujambo sana. Kwanza hasira ilinizuia kukujibu, baadaye aibu.

Keong alimaliza zile siku tisa. Mwezi uliopita alianguka kando ya mashine ya tambi, akashindwa kuinuka. Tulimpeleka hospitali ya Ipoh. Amelazwa wiki ya tano sasa, na kutafuna hawezi. Juzi nikamwambia daktari, "Mchukue damu, mpelekee binti yangu." Akaniuliza binti yangu ni nani. Nikampa barua zako, akazisoma amesimama.

Damu iko njiani. Fanya haraka, mwanangu.

Baba yako

Kuala Lumpur, 20 Juni 2009

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kushinda hospitali. Majibu yametoka. Keong ana ile kasoro ya kushindwa kutumia mafuta, amerithi nusu kwako, nusu kwa Mama. Ninyi hamuugui kwa sababu kila mmoja ana nusu tu. Hakuna aliyemkosea.

Lakini yake ni ya aina inayosikia vitamini B2. Ni vidonge vya kawaida, Baba, vinauzwa kila duka la dawa. Nimeongea na daktari, anaanza kumpa leo.

Mwanao,
Yin

Kampar, 14 Julai 2009

Mwanangu Yin,

Salamu kutoka kwetu sote. Keong ameinua kichwa. Siku ya tisa ya vidonge aliniangalia usoni bila kushika kidevu. Mkojo wake umekuwa wa manjano mpaka Mama yako akamwita nesi, kumbe ni rangi ya vidonge tu. Sasa yuko nyumbani, anakula, anadai tambi za mama yake zimezidi chumvi.

Nina swali moja, nijibu kwa barua. Foong angepewa vidonge hivi, angepona?

Baba yako

Kampar, 2 Septemba 2009

Mwanangu Yin,

Natumaini unalala siku hizi. Sisi wazima. Keong amerudi kwenye unga, nusu siku.

Kila mleta barua alipopita nilitoka mlangoni. Wiki saba. Barua za damu ya Keong ulizijibu upesi, hii hukuijibu, kwa hiyo nimekwisha kujua. Usijilazimishe kuiandika. Wakati ule wewe ulikuwa mtoto wa shule, na mimi ndiye niliyetia sahihi apewe zile dawa za uvimbe.

Mama yako naye ameanza kuwaza. Wiki ijayo atakupigia simu akuulize swali lilelile. Yeye mjibu hapohapo, usisite hata kidogo. Mwambie hapana, visingemsaidia.

Baba yako