Kikao Kuhusu Mgonjwa wa Kitanda cha Sita Aliyeacha Kusimama

TIMU YA WODI YA KIHARUSI, KIKAO CHA 9
Tarehe: Jumatano, tarehe 14
Mahali: Chumba cha mazoezi (ofisi inapakwa rangi)

WALIOHUDHURIA
Daktari wa Wodi – Mwenyekiti
Muuguzi Mkuu
Mtaalamu wa Mazoezi ya Viungo
Mtaalamu wa Usemi
Ofisa Ustawi wa Jamii
Karani wa Wodi – Katibu

HAWAKUHUDHURIA
Mtoto wa kiume wa mgonjwa. Alipigiwa simu mara mbili. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 8:10 mchana, kwa kuchelewa, kwa kuwa Muuguzi Mkuu na Mtaalamu wa Mazoezi walikuwa wakizozana mlangoni.

KUMB. NA. 2/9: HALI YA MGONJWA
Mgonjwa ni fundi cherehani mstaafu, mjane wa miaka 76. Wiki sita zilizopita alipooza upande wa kulia na kupoteza usemi.

Mtaalamu wa Mazoezi alieleza kwamba mgonjwa alikuwa amefikisha hatua nne kwa kushikilia bomba la mazoezi, kisha tangu tarehe 3 akagoma. Alisoma daftari lake: "Hana ushirikiano," siku kumi na moja mfululizo. Alipendekeza nafasi ya mazoezi apewe mwingine na mgonjwa ahamishiwe makao ya wazee.

Muuguzi Mkuu alisema chakula nacho hurudi kama kilivyokwenda, na akahoji kwa nini hakuambiwa habari za mgomo huo. Mtaalamu wa Mazoezi alijibu kwamba daftari lake liko wazi kwa kila mtu. Muuguzi Mkuu aliomba jibu lake liandikwe kama lilivyo: "Liko wazi ndani ya droo uliyoifunga kwa ufunguo."

KUMB. NA. 3/9: KILICHOTOKEA TAREHE 3
Mtaalamu wa Usemi aliuliza ni nani aliyezungumza na mgonjwa siku hiyo. Ilionekana kwamba hakuna. Ofisa Ustawi alikumbuka kwamba asubuhi hiyo, timu ikiwa imesimama miguuni pa kitanda, alitoa taarifa kuwa mtoto wa mgonjwa amempangisha mtu mwingine chumba cha mama yake, na cherehani ameigawa. Mwenyekiti alikiri kwamba yeye ndiye aliyesema hapo hapo, "Basi huyu bibi hana pa kurudi."

Mwenyekiti alisema alidhani mgonjwa haelewi.

Mtaalamu wa Usemi alisema, "Anaelewa kila neno, Daktari. Kinachomshinda ni kujibu." Aliongeza kuwa aliliandika jambo hilo wiki tatu zilizopita. Alipoulizwa aliliandika wapi, alisema kwenye faili lake mwenyewe.

Katibu naye alikiri kwamba alikuwepo tarehe 3, na alimwona mgonjwa akigeukia ukutani. Alidhani ni usingizi.

KUMB. NA. 4/9: KUMSIKILIZA MGONJWA
Mgonjwa aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Wajumbe wote walisimama wakamzunguka. Mwenyekiti alisema, "Bibi, tulikusema mbele yako kama vile hupo. Nisamehe." Mgonjwa alimtazama. Hakuitikia.

Mtaalamu wa Usemi alimwekea ubao wa picha, akamwuliza anataka nini. Kwa kidole cha mkono wa kushoto mgonjwa aligusa picha ya kiti. Mtaalamu wa Mazoezi alifurahi, akasema yuko tayari kuanza tena mazoezi ya kukaa na kuinuka. Mgonjwa alitikisa kichwa. Muuguzi Mkuu aliuliza kama kiti alichokalia kinamuumiza. Alitikisa kichwa tena. Aligusa picha ile ile, kisha akatunyooshea kidole sisi tuliosimama, mmoja mmoja.

Mtaalamu wa Usemi alivuta kiti, akakaa mbele yake, akauliza, "Unataka mtu akae na wewe, Mama?"

Mgonjwa aliitikia kwa kichwa, akalia.

Katibu aliagizwa kutazama kitabu cha wageni. Mgeni wa mwisho wa kitanda cha sita aliandikwa siku mgonjwa alipolazwa.

KUMB. NA. 5/9: MAAZIMIO
Kutakuwa na daftari moja kwa timu nzima, nalo litakaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Hatazungumziwa mgonjwa bila kuzungumza naye. Pendekezo la makao ya wazee liliondolewa na aliyelileta.

Kila mjumbe atakaa na mgonjwa dakika kumi kila siku. Mtaalamu wa Mazoezi aliuliza dakika hizo aziandike kama tiba gani. Mwenyekiti alisema asiziandike.

Ofisa Ustawi atampigia simu mtoto mara ya tatu. Alisema hatarajii mengi, na kwamba jibu lolote atampelekea mgonjwa mwenyewe, tena akiwa ameketi.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 9:25 alasiri, wajumbe wakarudi kazini. Katibu aliachwa amrudishe mgonjwa kitandani. Mgonjwa aliushika mkono wa Katibu, ule wenye kalamu, wala hakuuachia hadi alipopitiwa na usingizi. Kwa sababu hiyo sehemu hii imeandikwa siku iliyofuata.

…………………… Mwenyekiti

…………………… Katibu