Saa Yangu Ikilia, Watu Wanachimba

Shangazi Tereza, shikamoo. Naomba msaada kwenye safu yako ya gazeti, na naomba upesi, kwa sababu zimebaki wiki tano tu kabla ya mbio za kilomita tano za jubilei ya parokia kule Ushirombo, na njia yangu ya mazoezi ina mashimo kumi na moja.

Kwanza nijitambulishe, maana mimi si mtu wa hivihivi. Naitwa Mabula, fundi pikipiki wa hapa Katoro. Darasa la saba nilimaliza kwa mbinde lakini dunia nimeisoma, Chunya nimefika, Mererani nimefika, Nairobi nimelala siku mbili na asubuhi moja nikakimbia na Wakenya, wakaniacha, ila waliniacha kwa heshima. Mbio ndefu nimeachana nazo, magoti yamegoma, sasa nataka fupi, na fupi zina sayansi yake: unakimbia mita mia nne kama unafukuzwa, unarudi unatembea upate pumzi, unaanza tena, wenyewe wanaita intavo. Basi mwezi wa nane nikaenda kwenye njia ya ng'ombe inayokatiza shamba la karanga la Mama Nestory, mjane mmoja mpole sana, nikapima kwa kamba, nikapigilia vigingi vitano, kila baada ya mita mia kimoja, nikavipaka rangi nyekundu ili nivione vizuri. Na mkononi nina saa ya kukimbilia, nimeinunua Mwanza, ukimaliza mia nne inalia yenyewe, tiii!

Shangazi, nani katika ukanda huu wa dhahabu asiyejua maana ya kigingi chekundu porini, kwamba hapo pamepimwa dhahabu? Mimi! Mimi peke yangu, na ujanja wangu wote! Watu wanamwona mtu anakimbia, anasimama ghafla, anatazama mkono, mkono unalia, anarudi taratibu kainamisha kichwa, anakimbia tena, na mkono unalia palepale, penye kichuguu, kwa sababu ndipo mia nne inapoishia, ingelia wapi tena?

Wakanibana kwenye kijiwe cha chai cha Kamili. "Mabula, hiyo detekta ya dhahabu umeitoa wapi?" Nikawaambia ni saa. Wakacheka. "Saa gani inayolia saa kumi na mbili na dakika kumi na saba?" Nikawaeleza habari za intavo mpaka chai ikapoa, Pantaleo muuza mitumba akawaambia, "Mwacheni, mwenye mali hasemi." Ukikataa ndiyo wanaamini zaidi, watu gani hawa! Kesho yake nikakuta chapati zangu zimeshalipiwa, naitwa mheshimiwa, napishwa benchi, na mimi, kwa mdomo huu ambao mama alinikanya juu yake tangu utoto, nikasema, "Mguu una siri zake." Nilikuwa natania! Kufika Ijumaa duara la kwanza, yaani shimo la wachimbaji, lilikuwa limechimbwa pale kwenye kichuguu, mstari wangu wa kumalizia, sasa nikimaliza raundi lazima niruke mtu.

Aliye ndani ya duara hilo ni shemeji yangu Masalu, mdogo wake mke wangu Violeth. Mvua zimeanza, wenzake wanapanda mbegu, yeye yuko chini mita tisa, hakuna matimba ya kushikilia kuta, na ule udongo ni mchanga mtupu. Jumapili nilimkuta amekaa ukingoni, amekonda, ugali aliotumiwa na dada yake hajaugusa, akaniambia, "Shemeji, nimekata tamaa. Pita basi na kitu chako mara moja tu, nisikie." Roho ikaniuma. Nikapita taratibu, nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Ikalia. Shangazi, ungemwona! Alinikumbatia, akamaliza ugali wote, akashuka na sururu anaimba. Nilitaka ale tu, Mungu ananiona. Violeth hajui.

Sasa maswali yangu. Nihamie wapi na mazoezi? Intavo ishirini kila siku zinatosha au niongeze? Maana mbio za Geita mwaka jana niliongoza kilomita nzima ya kwanza, picha ninayo, baada ya hapo nikapitwa na watu wengi akiwemo sista mmoja wa kanisa aliyevaa soksi na ndala. Na hawa watu niwatoeje kwenye njia yangu?

Mabula, Katoro

*

Mabula, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Mara ya pili nilipofika kwenye kile kidole gumba, sikucheka tena. Umeniandikia kurasa tatu za vigingi, magoti na Wakenya, na mtu aliye chini ya mita tisa za mchanga mvua ikinyesha umempa aya moja, tena unaniuliza habari za njia! Ng'wanawane, mwanangu, una akili wewe?

Kabla ya kushika kalamu nilipika uji machimboni miaka sita. Mchanga uliolowa haupigi hodi. Asubuhi nilimpa mtu uji, mchana nilibaki na bakuli lake, na bakuli hilo ninalo hadi leo. Kwa hiyo usinieleze ulivyomwonea huruma. Huruma ingekuwa kumtoa mle akiwa na njaa. Wewe umemshibisha ukamrudisha.

Weka gazeti chini uende ukamtoe. Mwambie chochote, mwambie dada yake anaumwa, ila atoke. Kisha mpeleke kwa Violeth, na mbele ya wote wawili useme, "Jumapili nilibonyeza mwenyewe." Violeth atakufokea. Akimaliza, usijitetee, maana bado hajamaliza.

Kwa hao wengine, maneno yako yamekwisha thamani, umeyamaliza kijiweni kwa chapati za watu. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji awakusanye barabarani, kwenye lami, mahali ambapo hata mwehu hachimbi. Vua hiyo saa umvalishe Pantaleo, maana yeye ndiye mwenye imani kubwa. Akimbie mita mia nne, itamlilia. Mvalishe Masalu akimbie uwanja wa kanisa, nako itamlilia. Kisha ishike juu ya sufuria ya maharage ya Kamili, ubonyeze kitufe wote wakiona kidole chako. Ikilia, waulize nani anataka kuchimba maharage. Usiache kuwaambia kilichotokea Jumapili, maana bila hilo watasema detekta yenyewe umeificha nyumbani, ukaja na saa nyingine. Watakutukana. Uheshimiwa wako utakufa siku hiyo, na chapati utalipa mwenyewe. Afadhali uzikwe uheshimiwa kuliko Masalu.

Baada ya hapo, ng'oa vigingi vyako, chukua koleo, uanze kufukia. Anza na kichuguu, umalizie na shimo la kumi na moja, na usingoje kusaidiwa. Mama Nestory anataka kupanda karanga, na kwa upole wake huo unaousifia, hujaniambia kama umeshaenda hata kumwomba radhi.

Haya, mazoezi. Mimi kukimbia sijui, nimemuuliza mpwa wangu Theonest, mwalimu wa michezo huko Shinyanga, naye baada ya kukusikitikia amesema hivi: intavo ishirini kila siku ni kujiua miguu. Fanya Jumanne na Ijumaa tu. Huhitaji vigingi wala mita, kimbia kwa kasi dakika mbili, tembea dakika mbili, mara sita, basi. Siku nyingine ukikimbia, kimbia polepole kiasi kwamba ukikutana na mzee unaweza kuitikia salamu yake yote, ya nyumbani, ya watoto na ya ng'ombe, bila kuhema. Siku moja pumzika kabisa. Wiki ya mwisho punguza nusu. Na Ushirombo, kilomita ya kwanza mwachie anayetaka kupigwa picha. Theonest anasema wewe si mzito, una papara tu ya kuonekana mapema, na kwa maoni yangu ugonjwa huo haukuanzia kwenye miguu.

Ukimaliza kufukia, mwombe Masalu awe anakushikia saa wakati wa mazoezi. Ameshaamini sana ile sauti. Ni haki yake kuisikia akiwa juu ya ardhi, akikuona unavyohema.

Shangazi Tereza