Mfumo Mpya kwenye Simu ya Yasmin

Kilakala, Morogoro
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Dada Sabra,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Gairo, wewe na shemeji na watoto, na kwamba karanga mmeshavuna zikakauka vizuri. Mimi afya ninayo. Nakula, nalala, naenda shule kufundisha. Mvua zimekatika na milima inaonekana hadi juu.

Uliuliza kwa nini Yasmin hapatikani. Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwa simu ningekuambia nusu.

Unaijua kazi ya mke wangu: kila wiki anapanda Mgeta kununua karoti na kabichi kwa wakulima, kisha anasindikiza mzigo hadi Dar. Mwezi wa nne alianza kuilalamikia simu yake. Chaji iliisha kabla ya adhuhuri, matangazo yalimfuata kwa mambo aliyoyataja kwa mdomo tu, na zilikuwamo programu zisizokubali kufutwa. Alisema anajiona mpangaji kwenye simu aliyoinunua mwenyewe.

Akaenda kwa Modesta, fundi mmoja aliyesomea kompyuta, ana kibanda karibu na soko kuu. Modesta akamweleza kwamba mfumo uliokuja na simu unaweza kuondolewa wote, ukawekwa mwingine ulioandikwa na watu wa kujitolea, ambao yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Hauhitaji kujisajili kwa kampuni yoyote. Mwenye simu ndiye anayeamua nini kiingie na nini kitoke. Alimwonya pia kwamba programu ya benki huenda ikagoma. Yasmin alifikiri siku mbili, akakubali.

Jioni ya siku Modesta alipoubadilisha mfumo, Yasmin alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua macho akaniambia, "Modesta amekuta kitu ndani ya simu. Kilikuwa kinamwambia mtu kila mahali nilipo."

Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Mtu tu." Nikamjibu kwamba makampuni ndivyo yalivyo.

Tukaendelea kuishi. Alipika, aliniamkia, alinisimulia habari za simu yake. Programu ya benki iligoma kweli, ikabidi awe anakwenda kwa wakala na kupanga foleni, lakini alisema hajuti. Mara mbili aliniuliza kama hakuna ninalotaka kumwambia. Nikasema hakuna.

Dada, mtu huyo ni mimi. Mwaka jana, mwezi wa nane, Yasmin akiwa anaoga, nilichukua simu yake nikaiwekea hiyo programu. Hakuwa amenikosea lolote. Niliziogopa zile safari, basi. Kwa miezi minane nilitazama nukta yake kwenye ramani ya simu yangu ikipanda Mgeta na kushuka Dar, na haikuwahi kwenda mahali ambapo hakuwa ameniambia. Siku lori lilipopasuka tairi nilimpigia kumuuliza yuko wapi, huku namwona. Akanitajia palepale nilipokuwa namwona. Nikamsikiliza kama ninayesahihisha daftari la mwanafunzi.

Wiki ya nne baada ya mfumo mpya nilimwambia. Akajibu kwamba anajua, siku ile ya kwanza Modesta alimwonyesha anwani yangu ya barua pepe. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Nikamuuliza, si nimesema sasa?

Akasema, "Nilikupa wiki moja, Idrisa. Hizo nyingine tatu nilikuwa nafungasha."

Asubuhi yake alipanda lori la Mgeta, akaenda kwa mama yake. Nilidhani nitalia. Nikaosha vyombo, nikaenda kusimamia mtihani. Wiki ya tatu sasa niko hivyohivyo, mwili mzima kama mguu uliokufa ganzi. Wanafunzi wananiamkia, naitikia.

Kama bado yuko kwa mama yake au ameshashuka Dar, sijui. Namba amebadilisha. Najua atakupigia, maana anakupenda. Usinibembelezee kwake. Msikilize tu. Na akikutajia alipo, nakuomba usiniambie, hata nikikuuliza.

Nitakuuliza, Dada.

Nisalimie shemeji, watoto, na mama mkubwa akija kuwatembelea. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Idrisa