Samaki Aliowakataa Ilunga

Mjukuu wangu Chanda,

Sisi wazima hapa Nchelenge. Bibi yako ana wiki ya tatu ya ndoa na anacheka peke yake jikoni!

Unaniuliza nchi yetu iwekwe kundi gani katika somo lenu: la wanaofanya kazi kwa faida yao, au la wanaoifanya kwa ajili ya wenzao. Mimi nimechanganyikiwa.

Zamani, kule ufukweni Kabuta, aliyesaidia kuvuta wavu alipewa samaki. Ilunga, mchuuzi kijana kutoka Kongo, alikuwa ameketi tu, nami nikampelekea samaki wawili kwa sababu ya macho yake mazuri. Akakataa mbele ya wote. "Sikuvuta kamba, dada. Ni ya nini?" Wasichana walinicheka! Kesho yake akavuta mpaka viganja vikachubuka. Nikampelekea tena, akakataa tena. Nikaona hanitaki, nikaolewa na babu yako, Mungu amrehemu.

Jana nikamwuliza huyu mume wangu mpya: "Wewe Ilunga ni mutu wa kundi gani?" Akajibu huku akisugua sufuria zangu:

"Ningepokea wale samaki, kazi ingekwisha. Mi nilitaka sababu ya kurudi kwako."

Mwulize mwalimu wako kundi hilo liko wapi.

Bibi yako, mke wa Ilunga