Kwa Jaafar Abdurahman, Fundi wa Munje, na Gari Tulilolisema Bovu

Jaafar, mwaka umetimia tangu ututoke asubuhi ile ya Ijumaa, chai yako ikiwa bado ya moto. Presha haikukupa hata nafasi ya kuaga. Mola akulaze pema.

Ulikuwa fundi wa injini za boti, na kuanzia Munje hadi Chale hapakuwa na nahodha asiyekujua. Mtu akikwama, uliacha sahani ya wali ukaenda. Ulipenda kahawa chungu, ulichukia kelele, na ulimshuku kila aliyekusifu. Mgeni akisema, "Mashallah, nyumba nzuri," ulimkodolea macho mpaka atoke uani.

Shaka hiyo ndiyo iliyokufanya uzungushe uzio wa makuti nyuma ya nyumba, ukawa unatufukuza kila Jumamosi. Miaka saba! Mimi mkeo nilishaamini una mke mwingine Ukunda unayemtorokea kupitia nyuma ya uzio, na yale mafuta mikononi ni ya kunizuga. Nilinusa kanzu zako. Nilimuuliza ndugu yako Swabir, akaapa hajui kitu. Naye sikumwamini.

Kumbe mke mwenyewe ni gari. Gari la Kimarekani la mwaka sabini na moja, lililotelekezwa na Mzungu mmoja Diani, ukalitia injini ya silinda nane iliyotoka kwenye boti ya watalii. Wewe na rafiki yako Kimanzi, fundi wa kuchomelea kutoka kule skimu ya makazi, mliliunda upya ndani. Nje hamkugusa. Rangi iliyobabuka mliiacha, kutu mliiacha, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Ulihofia jicho la hasidi. "Mtu akiuliza," ulitufundisha, "mwambieni ni bovu."

Siku uliyokubali kunipakia tulishika njia ya Lunga Lunga. Gari jipya likatupigia honi tulipishe. Ukatabasamu, ukakanyaga, na nilipogeuka nyuma sikuliona tena. Nilicheka mpaka mtandio ukaniteremka. Nilishangaa tu kwamba ulianza kupunguza mwendo mbali sana kabla ya matuta. Nikadhani ni madaha.

Arobaini yako haijafika, Kimanzi akabisha hodi.

"Pole, Mama Mbeyu. Hiyo gari mmewasha?"

"Gari lenyewe bovu," nikamjibu, kama ulivyotufundisha.

"Najua ni mbovu. Breki haifai. Nipe ufunguo niweke mimi, mtu asiendeshe."

Nipe ufunguo! Nikamwona mwizi peupe. Breki gani, na mimi nimelipanda? Nikajua anachukua uongo wetu wenyewe autumie kutupora. Akaja tena, na tena, na swali ni lile lile, mmewasha? Nikabadilisha kufuli. Mwezi wa Ramadhani akatuletea mapapai mawili, nikawapa mbuzi, maana sikujua yametiwa nini. Kila jirani aliyekaa kwangu nilimweleza kwamba yule si rafiki wa marehemu, ni mwizi anayesubiri tulale.

Wiki tatu zilizopita binti yetu Mbeyu, anayeendesha gari la hoteli Diani, alitia betri mpya akasema atakwenda nalo Msambweni kununua vitu vya hitima yako. Likawaka. Kimanzi alikuwa akipita na baiskeli. Akaitupa, akaja kusimama langoni kapanua mikono.

"Mzee Kimanzi, tafadhali tupishe," Mbeyu akamwambia.

"Siendi. Kuja pole pole, ukanyage breki hapa mbele yangu. Ikishika, naenda na sirudi tena."

Nikampigia Mbeyu kelele: "Kanyaga, aondoke!"

Mbeyu alilitembeza taratibu, akakanyaga. Halikusimama. Kimanzi akaruka pembeni, gari likapinda, likabomoa banda la kuku, likaenda kuzimikia kwenye rundo la nazi. Na hapo ni uani, Jaafar. Barabarani kuna malori.

Kimanzi alifungua gurudumu akanionyesha. Zilikuwa bado breki za zamani, za kuwezana na injini ndogo iliyokuja na gari, zimekwisha, na mafuta yake yamevuja.

"Jaafar alijua," akasema. "Alikuwa anaendesha akijua, anapunguza mapema. Tulikuwa tunangoja zingine, ndio akafa."

"Mbona hukutuambia vizuri?"

"Mama, niliwaambia mara ngapi?"

Nililia. Nilimwomba radhi mbele ya ndugu zako, na namwomba tena hapa, ili kila aliyenisikia nikimwita mwizi asome kwa macho yake. Breki mpya amezifunga mwenyewe, na kila boliti alimwita Mbeyu aione kwanza.

Mume wangu, nakukumbuka kila nikipika kahawa, na nina hasira nawe, yote mawili kwa pamoja. Uliwaficha mahasidi, sawa. Mimi na mwanao tulikuwa mahasidi? Neno moja tu lingetosha, nawe ulikuwa na miaka saba ya kulisema.

Wanaokukumbuka ni mkeo Twaiba. Ndugu yako Swabir. Kimanzi, ambaye kwetu sasa ni ndugu yako wa pili. Na binti yako Mbeyu, ambaye ni mzima.

Hututoki moyoni, Jaafar. Na Mola akitukutanisha, la breki tutalizungumza.