Sentensi yangu ya "abandon"

Rågsved, Jumanne, Novemba 2009

Bado siwezi kutulia. Leo mwalimu wa Kiingereza wa huku ughaibuni alitufundisha neno "abandon": kumwacha mtu moja kwa moja, bila nia ya kumrudia. Akataka kila mmoja atunge sentensi yake. Mimi nikaandika kwamba nilimwacha hivyo mama yangu, Bujumbura.

"Safi, haina kosa," mwalimu akasema, akapita.

Wanjiku, Mkenya ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza: "Dada, hukumtupa. Ulikimbia vita."

Mtihani wa kuingia chuo ni Jumamosi, lakini neno hilo sihitaji kulisoma tena.

Jioni nilimpigia Mama simu, nimuulize kama anaona nilimtupa. Akanitangulia: "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama," nikasema, na ujasiri wa kuuliza ukaniishia.