Makosa Kumi na Moja ya Mzee Clodis

Anse-Perdue, Luiziana, Marekani
22 Septemba 1974

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mjukuu wako amefika salama na ana afya, ukiacha mbu wa huku ambao wananila bila hata kuomba chumvi. Goti lako linaendeleaje? Na mama ameshapiga simu kutoka Paris?

Wenzangu wa rika langu wanapiga gwaride kambini kwa mujibu wa sheria, mimi serikali imenipa chaki badala ya bunduki. Nilikuja nikijiona naleta Kifaransa kwa watu wasionacho. Kumbe kilinitangulia kwa miaka mia mbili. Bi. Eula, mama anayenipangisha chumba, amenieleza kwamba mababu zake walitoka Ufaransa wakaenda kulima kaskazini mwa bara hili kwenye theluji, Waingereza wakawafukuza, wakapakiwa melini kama magunia, na waliosalimika wakaishia huku kwenye mabwawa. Walipoteza mashamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi wao, lakini lugha walifika nayo.

Ukiwasikia utashangaa. Wana maneno niliyoyaona tu kwenye vitabu vikongwe vya chuoni, na mengine sijayasikia popote. Ila wanaosema ni wazee tu. Wa umri wa mama wanaelewa, wanajibu Kiingereza. Watoto karibu wote hawaelewi kitu. Nilimuuliza Bi. Eula kwa nini, akasema enzi zake ukisema Kifaransa shuleni unapigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Kesho nawapa watoto kazi: kila mmoja aende kwa babu au bibi yake, aniletee maneno kumi na tano ya nyumbani. Nina hamu kweli ya kuona kitakachokuja.

Mjukuu wako,
Hervé


Kervern
9 Oktoba 1974

Hervé wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika Jumanne. Nimeisoma dukani kwa Bi. Le Bris, kwa sauti, maana alikuwa ananichungulia begani na nilichoka kumsukuma. Goti liko pale pale lilipo. Mvua zimeanza, viazi nimeshavitoa. Mama yako alipiga Jumapili, tukaongea hali ya hewa, ya Paris na ya hapa, basi. Wewe unakula? Huyo mamba wa mabwawani analiwa?

Una maswali yako, na mimi ninayo yangu. Hiki Kifaransa kina miguu mingapi? Kaka yangu Tudy, Mungu amrehemu, alipokuwa baharia wa jeshi aliniandikia kutoka Dakar kwamba amepita chini ya dirisha la shule akasikia watoto wa Kisenegali wakikariri kuwa babu zao ni Wagauli, wale Wafaransa wa kale wenye nywele za manjano. Akafika Saigon, akasikia watoto wa huko nao wakidai babu hao hao. Akaniambia, dada, ukoo wetu umekuwa mkubwa. Nilicheka sana, halafu nikakumbuka kwamba hata sisi hapa Kervern tulikariri vivyo hivyo bila kuelewa neno.

Mimi Kifaransa kilinikuta nina miaka sita. Hakikuja kwa meli, kilikuja kwa miguu na mwalimu kutoka mjini, na mwezi haujaisha nilikuwa nimeshavishwa kiatu cha mti shingoni kwa kusema Kibretoni, lugha yetu ya nyumbani, uwanjani. Hiyo unaijua. Ila sikujua kwamba kuna nchi ambako Kifaransa chenyewe ndicho kilichopigishwa magoti. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima nikimenya viazi.

Niambie zaidi. Hao wazee wakisema, wanaona haya au wanajidai? Usinifiche kitu, kuuliza si ujinga.

Bibi yako


Anse-Perdue
3 Novemba 1974

Bibi yangu,

Shikamoo tena. Mimi mzima wa mwili. Mamba analiwa, mkia hasa, na una ladha ya kuku aliyekosa adabu. Umeniuliza kama wazee wanaona haya. Ningekujibu vizuri mwezi uliopita. Sasa nina jibu nisilolipenda.

Darasani nina mtoto wa miaka tisa, Ramona, mwenye bidii kuliko wote. Alileta maneno yake kumi na tano kwa mwandiko mzuri, yote kutoka kwa babu yake, Mzee Clodis, ambaye wanaishi nyumba moja. Nikasahihisha kama nilivyofundishwa kusahihisha. Neno lisilokuwemo katika kamusi yangu nililikata kwa wino mwekundu, na juu yake nikaandika la sahihi. Nilikata kumi na moja.

Ramona akarudi nyumbani na daftari lake. Jioni, wakiwa mezani, mzee akaomba apewe sufuria, kwa Kifaransa kama anavyoomba kila siku. Mtoto akamwambia, "Babu, mwalimu kutoka Ufaransa anasema hicho si Kifaransa."

Mzee akaweka kijiko chini. Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, anasema naye Kiingereza tu, na Kiingereza anakijua kama mimi ninavyojua Kichina. Mama yake Ramona alinifuata shuleni. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema yeye mwenyewe hawezi kusema Kifaransa, mtoto huyu ndiye peke yake aliyekuwa anakaa na mzee kila jioni barazani na kumsikiliza, na sasa mzee anakaa kimya na mtoto analia akidhani kamuua babu yake.

Nilikwenda kuomba radhi. Mzee Clodis ana miaka sabini na nne, mikono yake mipana kama kafi. Alivua kofia mbele yangu, Bibi, mimi wa miaka ishirini na tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa Kiingereza kibovu kwamba hakuna neno, mwalimu, halafu akafunga mlango taratibu.

Lakini niambie, nilikosea wapi? Nimetumwa kufundisha Kifaransa. Watoto hawa wakienda kusema vile mbele ya watu watachekwa. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Hervé


Anse-Perdue
15 Desemba 1974

Bibi,

Shikamoo. Wiki sita sijapata neno lako. Ni goti? Ni moyo? Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nijue uko hai. Nimemwandikia mama, anasema Bi. Le Bris amemwambia uko mzima na unanunua sukari kama kawaida.

Huku hakuna kilichobadilika. Ramona haandiki tena kitu asichokiona ubaoni. Krismasi njema.

Hervé wako


Kervern
6 Januari 1975

Mjukuu wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Niko mzima. Barua hii nimeianza mara tatu, na mbili nimewashia jiko.

Kwanza nikugombeze, kwa kuwa ndicho ulichokiomba. Mwaka wako wa kwanza chuoni Rennes, wenzako walicheka unavyotamka. Ulirudi hapa ukakaa siku mbili hutaki kula hata krepi, chapati zangu za maji, na mimi nilisimama jikoni nikikubembeleza. Mkuki kwa nguruwe. Sasa umeushika wewe mpini, unaniuliza umekosea wapi.

Haya, limekwisha. Lililonichelewesha si hilo.

Mama yako alipoanza shule alikuwa na miaka saba, hajui neno la Kifaransa, kama mimi nilivyokuwa. Alikuwa na akili, alikishika upesi. Jioni moja, nikiwa nampakulia uji, nikamwambia kitu kwa Kibretoni, hata sikumbuki ni kitu gani. Akaniangalia akasema, kwa Kifaransa safi kabisa, "Mama, usiseme hivyo, mwalimu anasema hivyo wanasema ng'ombe."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananisaidia. Na mimi sikumpiga wala sikumjibu. Nilifanya kama Mzee Clodis. Tangu jioni hiyo sikumwambia tena Annick neno la Kibretoni, na yeye hakuniuliza limekwenda wapi. Wewe ulipoletwa kwangu ukiwa na miaka mitatu, yeye akiwa kazini posta huko Paris, nilikulea kwa Kifaransa kilekile cha darasani. Ukilia na homa nilikubembeleza kwa maneno ya vitabu vya shule. Yale niliyobembelezewa na mama yangu yalinijaa kinywani, nikayameza. Nilikuwa naona haya mbele yako, na ulikuwa na miaka mitatu. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika mara mbili.

Sasa sikiliza. Usirudi kuomba radhi. Ukimwomba radhi, wewe unabaki mwalimu na yeye mwanafunzi aliyesamehewa. Na usimwambie kuwa lugha yake ni nzuri, atadhani unamhurumia. Nenda ukiwa na shida. Tafuta jambo analolijua yeye na wewe hulijui kabisa, tena usijifanye, ataona. Mtu akiulizwa kitu na mjinga wa kweli hawezi kunyamaza. Mimi ningeulizwa, nisingenyamaza.

Bibi yako


Anse-Perdue
9 Februari 1975

Bibi yangu,

Shikamoo, na ahsante. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na sehemu ya homa siwezi kuisoma nikiwa na watu. Nitakujibu hilo mwishoni.

Wewe unajua nilivyokuwa nikikimbilia nyuma ya kanisa kila jirani alipochinja nguruwe. Huku kabla ya Kwaresima ndugu na majirani hukusanyika kuchinja nguruwe wakubwa, alfajiri mpaka jioni, kila mtu na kazi yake, na anayesimamia kwa mtaa huu ni Mzee Clodis. Nikaenda jana bila kualikwa. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba sijui chochote na nataka kazi. Akanitazama viatu, akanionyesha kwa kidole beseni la damu na kijiko cha mti.

Nikakoroga. Nilikoroga kama mtu anayekoroga chai. Damu ikaanza kuganda kingoni, nami nikaendelea kwa heshima zote. Mzee akaja, akachungulia beseni, na uso wake ukabadilika kama mtu anayeona nyumba inaungua.

"Nani kakulea wewe?" akauliza. Kwa Kifaransa, Bibi, kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia.

"Bibi yangu. Nguruwe akilia nilikuwa nakimbia."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alininyang'anya kijiko, akakunja mkono wa shati langu, akautumbukiza mkono wangu kwenye damu ya moto mpaka kiwiko, akaanza kunielekeza: zungusha hivi, kamata nyuzi zinazoshikana, tupa, usisimame. Neno moja sikulielewa. Nikamuuliza, akalirudia, bado sikulielewa. Ramona alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. Akanitazama kuona kama nitalikata.

Nikamwambia mbele ya babu yake kwamba mimi silijui neno hilo, yeye je? Akatikisa kichwa. Mzee akatutazama wote wawili, akashusha pumzi kama mtu mwenye wanafunzi wazito, akaingiza mkono wake mwenyewe katika beseni na kulisema tena polepole, akituonyesha. Ramona akalisema. Mzee akamwambia, "Tena." Akalisema tena.

Basi hapo hakunyamaza mpaka jioni. Utumbo, soseji za wali, mafuta, kila kitu kina jina na kila jina lina kisa cha mjomba aliyelikosea zamani. Ramona alimfuata mgongoni siku nzima. Wakati wa kuondoka niliwaona barazani, yeye anauliza, mzee anajibu, na hakuna aliyeniaga.

Jumatatu nitawarudishia watoto madaftari yao na kuliambia darasa zima kwamba makosa kumi na moja yalikuwa yangu.

Sasa lako. Mimi ni mjinga wa kweli, Bibi, wala sijifanyi. Sijui hata kusema maji kwa Kibretoni, na nimelala nyumbani kwako miaka kumi na tano. Nakuuliza.

Mjukuu wako,
Hervé


Kervern
3 Machi 1975

Hervé wangu,

Marahaba. Nimepokea. Nimecheka kuhusu damu mpaka Bi. Le Bris akaniletea kiti.

Umeniuliza, kwa hiyo nakujibu, ila si kwa barua. Kibretoni sijui kukiandika, hakuna aliyenifundisha. Itabidi uje ukisikie.

Lakini sikutaka uwe wa kwanza. Kuna aliyekutangulia. Jana, Jumapili, mama yako alipiga simu dukani kama kawaida. Duka lilikuwa limejaa watu waliotoka kanisani. Nikashika simu, nikamsalimu kwa Kibretoni na kumuuliza kama amekula.

Nikadhani laini imekatika. Bi. Le Bris aliacha kupima siagi.

Halafu Annick akajibu. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, mkuu wa dirisha la posta Paris, amenijibu kwa sauti na maneno ya mtoto wa miaka saba, kwa sababu hapo ndipo nilipomwachia. Hajui kusema kodi, wala kazi, wala mume, wala upweke. Anajua kuku, maziwa, mvua, na "mama, nasikia baridi".

Tukaongea hayo hayo, kuku na maziwa, nusu saa nzima, na wote tulikuwa tunalia.

Bibi yako